Njia za Maji Vuguvugu

Jina la Maswali alipewa na mama yake, siku mama huyo alipochoka kuulizwa kwa nini moshi hupanda na maji hushuka. Jina likamganda. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye karakana yake mjini, akibuni viti, meza na malango ya nyumba za watu, wateja walimwita hivyo hivyo, naye aliitika. Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wengine: ukimwagiza kiti, kwanza atakuuliza unapenda kukaa na nani.

Kwa hiyo kampuni ya umeme ya milimani ilipompigia simu, ikimtaka aende kuchora picha kubwa kwenye ukuta wa kituo chake, yeye aliuliza, "Huo ukuta unatazamwa na nani?"

Mkurugenzi wa kituo ndiye aliyekuwa upande wa pili wa simu. "Njoo tu uone," akasema.

Alikwenda mwishoni mwa majira ya baridi. Kijiji kilikaa juu sana, pale ambapo miti huchoka kupanda na kuyaachia mawe kazi hiyo. Nyumba zilikuwa za mawe, paa zake zimeinama sana ili theluji iteleze, na zote zilizunguka uwanja mmoja mpana. Juu ya kijiji kulikuwa na bwawa lililokusanya maji ya barafu iliyoyeyuka. Maji hayo yalishuka ndani ya mlima kwa bomba ambalo mtu mrefu angeweza kutembea ndani yake bila kuinama, yakaizungusha mitambo ya kituo, kisha yakakimbilia mtoni. Umeme wenyewe ulikwenda mbali, kwenye miji ambayo wengi wa wanakijiji hawakuwahi kuikanyaga.

Maswali alifikia kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitambo. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Alifiwa na mkewe miaka mingi nyuma, na nyumba aliiweka safi kama chumba cha mgonjwa: vikombe vinne vimepangwa, kimoja tu kimechakaa. Mlango wake ulitazamana na uwanja.

"Karibu, mama," alisema akimpokea mzigo. "Ukuta wenyewe ndio ule. Ni mrefu. Usianguke."

Kesho yake mkurugenzi alimweleza anachotaka. Mlima, maporomoko ya maji, na mkono ulioshika taa inayowaka.

"Mkono wa nani?" Maswali akauliza.

"Mkono tu."

"Wa mwanamke au wa mwanamume? Una glavu? Maana huku ni baridi."

Mkurugenzi, mwanamume nadhifu aliyependa mambo yaishe mapema, alijikuna shingo. "Mpwa wako ni mtu wa namna gani?" alimwuliza Mjomba baadaye.

"Ni wa namna hiyo hiyo," Mjomba akamjibu.

Maswali hakuanza kuchora. Alizurura. Alitaka kwanza ajue watu wa pale wanaishi vipi na mlima wao, na umeme unaozaliwa chini ya miguu yao uko wapi katika maisha yao. Siku ya pili ya kuzurura aliona jambo lililomsimamisha. Kwenye mteremko kati ya kituo na mto, mbuzi walikuwa wamelala juu ya theluji. Hawakulala ovyo ovyo kama mbuzi. Walilala kwenye mstari mmoja ulionyooka, mmoja nyuma ya mwingine, kama shanga kwenye uzi.

Mwenye mbuzi alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, amejifunga mitandio mitatu. Kijiji kizima kilimwita Mama Mbuzi, na watoto wake wa kuzaa walikuwa wamekwisha kulizoea jina hilo.

"Mbona wamelala hivyo?" Maswali alimwuliza.

"Waulize wenyewe. Mimi ni mama yao tu."

Maswali akaenda. Alimsukuma mmoja kidogo, akavua glavu na kuweka kiganja pale alipokuwa amelala. Ardhi ilikuwa na joto. Alidhani ni joto la mwili wa mbuzi, akasogea mbele, mahali ambapo hapakuwa na mbuzi. Hapo pia theluji ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, na chini yake majani mabichi. Akapiga magoti, akaendelea kupapasa hadi suruali ikamlowa magotini.

Jioni Mjomba hakushangaa. "Ni bomba la maji ya kupoza mitambo," alisema. "Mashine zikifanya kazi hupata joto. Tunazipitishia maji baridi, yanatoka vuguvugu, tunayatoa."

"Yanakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Kufanya nini?"

Mjomba alimtazama kana kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. "Kuwa mto," akasema. Lakini asubuhi alimchukua mpaka ndani ya kituo. Sakafu ilitetemeka taratibu, na mngurumo wa mitambo uliingia mwilini kupitia nyayo kabla haujafika masikioni. Mjomba aliushika mkono wake na kuuweka juu ya bomba la kutolea maji. Lilikuwa na joto la shavu la mtoto aliyeamka usingizini. Siku hiyo nzima Maswali hakuuliza kitu, na Mjomba akaingiwa na wasiwasi kwamba labda anaumwa.

Theluji ilianguka tena usiku huo. Asubuhi Maswali aliomba apande juu ya paa la kituo ili autazame ule mstari wa mbuzi kwa mbali. Mjomba alimfunga kamba kiunoni, akamfungulia ngazi. Alipofika juu, uwanja wa kijiji ulikuwa chini yake, mweupe, haujakanyagwa na mtu.

Kisha milango ikaanza kufunguka. Mwoka mikate, mzee mwembamba, alitoka wa kwanza na kukata mstari hadi kisimani. Mwalimu alikata wake kwenda shuleni, akifuatwa na watoto. Seremala alitoka kwake akaelekea karakana yake upande wa pili. Fundi bomba, mwanamke mwenye mabega mapana, alipita na mfuko wake wa zana ukimgonga pajani. Kila mmoja aliacha mfereji mdogo wa nyayo, na kila aliyemfuata aliingia katika mfereji uliokuwepo. Kufikia adhuhuri uwanja ulikuwa umechorwa. Maswali, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, alitazama akajiambia kwamba ameitwa achore kitu ambacho watu hawa wanakichora wenyewe kila asubuhi, kisha wanakifuta kwa nyayo zao.

Ndipo akaona kasoro. Njia zote zilikuwa zimenyooka, isipokuwa zilipofika mbele ya nyumba ya mjomba wake. Hapo zilipinda. Ziliacha nafasi pana mbele ya mlango, umbo la nusu duara safi, kama maji yanayokwepa mwamba. Lakini hapakuwa na mwamba, wala shimo, wala mti. Palikuwa na uwanja tu.

Theluji ilipoanguka tena siku zilizofuata, upinde ule ulirudi pale pale.

Maswali alimwendea seremala. "Mimi?" seremala alisema. "Mimi nakwenda moja kwa moja kama pima-maji. Njoo uone." Wakaondoka pamoja, seremala akieleza kwamba mtu wa kazi yake hata akiota huota mistari iliyonyooka, na alipokuwa katikati ya maelezo hayo miguu yake ikakata kona, ikauzunguka mlango wa Mjomba kwa mbali, ikarudi kwenye mstari. Maswali alimwonyesha nyayo zao nyuma. Seremala alizitazama kwa muda mrefu. "Umenisukuma," akasema.

Mwalimu alihisi ni upepo. Mwoka mikate alishusha sauti. "Mjomba wako anapenda utulivu wake, binti yangu. Sisi hatupendi kumsumbua."

Jioni hiyo Maswali alikunjua mezani, kati ya vikombe, mchoro aliokuwa ameutengeneza wa njia za uwanjani. Mjomba alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole, akafika kwenye upinde, akasimamisha kidole hapo.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, Mjomba?"

"Tangu mke wangu afariki hawapiti hapa. Watu huogopa mlango wenye msiba. Nikasema sawa, nisiwalazimishe." Alivua miwani. "Usiwaulize tena. Si vizuri."

Maswali aliukunja mchoro akiona aibu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu bila kubisha. Hakumwuliza mtu tena. Lakini macho hayana pazia, na siku mbili tatu baadaye aliona Mama Mbuzi akiwavusha mbuzi wake uwanjani. Mbuzi walipinda. Hata vitoto vilivyozaliwa mwaka ule, visivyojua msiba wala desturi za watu, vilipinda nyuma ya mama zao.

"Mama," Maswali alisema, akijilaumu huku akisema, "mbuzi nao wanaogopa msiba?"

"Msiba gani?"

"Wa mke wa mjomba wangu. Mbona hawapiti mlangoni?"

Mama Mbuzi alisimama. Alitazama mbuzi, akatazama mlango, kisha akaanza kucheka mpaka mtandio wa juu ukamwanguka. "Mbwa," akasema. "Ni yule mbwa."

Akamwelezea. Mke wa mjomba alikuwa na mbwa mkubwa kama ndama, mwenye roho mbaya kwa kila mtu isipokuwa yeye. Mbwa huyo alifungwa mnyororo kwenye pete iliyo kando ya mlango. Mama Mbuzi alikwenda hadi mlangoni, akampa Maswali ncha moja ya kamba yake aishike kwenye pete, kisha akatembea nayo akiwa ameivuta hadi ikakaza, akizunguka polepole. Alikuwa anakanyaga juu ya upinde ule ule.

"Mnyororo ulifika hapa. Ukiweka mguu ndani, umekwisha. Muulize seremala kuhusu alama iliyopo kwenye tako lake la kushoto."

"Na huyo mbwa yuko wapi?"

"Alikufa. Mwenye mbwa alipokufa, naye hakukaa sana. Sisi sote tunajua amekufa." Alizitazama nyayo zake mwenyewe. "Nadhani miguu haikuambiwa."

Maswali alimpa Mjomba habari hiyo wakati wa chakula. Mjomba aliweka kijiko chini. "Mbwa," alisema. Kisha akarudia, "Miaka yote hii ni mbwa?" Usoni mwake yalipita mambo mengi. Kwanza alikasirika, akataka kutoka akawaambie watu kwamba ni wajinga. Halafu akakaa.

"Kwa hiyo hawakunichukia."

"Hawakukuwazia hivyo kabisa," Maswali alisema. "Waliona hutoki, wakadhani unapenda kukaa peke yako. Wewe ukaona hawaji."

"Mazoea yana taabu," Mjomba akasema, na akabaki akiutazama ukuta, anacheka kidogo bila sauti, na macho yamemlowa.

Kufikia hapo Maswali alikuwa anajua anachotaka kutengeneza. Alimwomba mkurugenzi akutane naye kwenye mteremko wa mbuzi badala ya ofisini. Mkurugenzi alikuja na viatu vya ngozi, akiwa amechukia.

"Picha iko wapi?" aliuliza.

"Bado haijaanguka." Maswali alimweleza. Ukuta ubaki kama ulivyo. Maji vuguvugu, badala ya kwenda mtoni moja kwa moja, yapitishwe kwanza chini ya uwanja kwa mabomba membamba yanayofuata njia za watu. Theluji ikianguka, pale penye maji itayeyuka. Kijiji kitaamka na kukuta mienendo yake yenyewe imeandikwa chini, na watu watatembea pakavu.

"Na siku isiyo na theluji?"

"Siku hiyo hakuna picha. Hapa siku hizo ni ngapi?"

Mkurugenzi alikung'uta theluji viatuni. "Mimi nimeahidi mkono wenye taa."

"Vua glavu, mzee. Weka mkono hapo, kati ya huyu mbuzi na yule."

Mkurugenzi alitazama huku na huku kuona kama kuna anayemwangalia, kisha akachuchumaa. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mbuzi mmoja alimnusa kola. "Miaka yote nimesaini karatasi za maji haya," alisema, "na sikujua yana joto namna hii." Alipoinuka alimgeukia Mjomba, aliyekuwa amesimama pembeni. "Mitambo haitadhurika?"

"Haitadhurika," Mjomba alisema. "Maji yatachelewa tu kufika mtoni."

Habari zilienea, na watu wakakutana uwanjani kujadili mabomba yapite wapi. Ugomvi ulizuka juu ya upinde. Kila mtu alikuwa amekwisha kusikia habari ya mbwa, na kila mtu alikuwa na aibu. Seremala alitaka bomba linyooke, lipite mlangoni kabisa kwa msimamizi wa mitambo, "ili tujifunze upya." Mwoka mikate alikubali, na macho yake yalikwepa yale ya Mjomba. Maswali mwenyewe, kwa kumpenda mjomba wake, alikuwa ameshika kalamu tayari kuufuta ule upinde.

"Acha," Mjomba alisema. Haikuwa kawaida yake kusema mbele za watu. "Chora ulichokiona. Watu wanapita wanapopita. Sitaki kunyooshewa njia kwa kuhurumiwa."

Maswali akairudisha kalamu mfukoni. Upinde ukabaki.

Walichimba majira ya joto, ardhi ilipolainika. Maswali alirudi kutoka mjini na suruali za kazi. Fundi bomba ndiye aliyeongoza, akagawa kazi kwa haki isiyo na maneno mengi: kila mtu achimbe njia yake. Mwalimu alichimba ya shule na watoto wake, seremala yake aliichimba akilalamika kwamba haijanyooka. Waliochimba ule upinde waliimba nyimbo za kumtukana mbwa, na mmoja alidai amesikia akibweka.

Siku ya mwisho, jua likiwa bado juu, watu walikuwa wanafuta jasho na kusubiri fundi bomba aunge mabomba ya mwisho. Mlango wa Mjomba ukafunguka. Alitoka na sululu begani, amevaa viatu vya kazini. Hakumsalimu mtu. Aliinua sululu na kuipiga ardhini mbele ya kizingiti chake, akavuta udongo, akapiga tena. Alikuwa anachimba kuelekea kwenye upinde.

Watu waliacha walichokuwa wanafanya. Maswali alitaka kwenda kumsaidia, fundi bomba akamshika mkono. "Mwache kwanza," alinong'ona.

Udongo pale ulikuwa mgumu kwa kutochimbwa miaka mingi. Mjomba hakuwa kijana. Baada ya mapigo kadhaa akasimama kushika mgongo, na ndipo seremala alipochukua koleo lake na kumwendea. Alifika kwenye upinde, akasimama. Ilionekana wazi kwa kila mtu: mguu wa kulia ulikataa. Seremala aliutazama kama kitu kisicho chake. Mkono wake ukaenda polepole kwenye tako la kushoto, ukakaa hapo.

"Hayupo," Mjomba alisema, akimtazama. "Nimemzika mwenyewe, nyuma ya kituo."

"Najua, kaka," seremala alisema. "Najua." Akafumba macho, akavuka.

Baada ya hapo wakaja wengi mpaka wakawa wanazuiana. Fundi bomba alikata kipande cha bomba kilichosalia, akakipima kwa jicho, akakiunga bila kumwuliza Maswali, ingawa hakikuwa kwenye mchoro wake. Maswali hakupinga. Aliketi juu ya rundo la udongo akaangalia mjomba wake akipokea maji ya kunywa kutoka kwa mwoka mikate, wote wawili wakiwa hawajui waseme nini, wakaishia kusifia hali ya hewa.

Theluji ya kwanza ilipotabiriwa, Mjomba alimpigia Maswali simu mjini. Maswali akafika jioni, na asubuhi wakapanda paa la kituo pamoja na mkurugenzi, aliyekuwa safari hii amevaa viatu vya maana. Kulikuwa kweupe kote. Kisha, taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo, uwanja ukaanza kujichora. Mistari myeusi ililowa, ikapanuka, ikatoa mvuke mwembamba: ya mkate, ya shule, ya kisima, ule upinde mpana, na toka kwenye upinde mstari mfupi hadi mlangoni kwa Mjomba.

"Inasema nini?" mkurugenzi aliuliza. "Wageni wataniuliza."

"Waambie waulize wanaopita," Maswali alisema.

Wanaopita walichelewa, maana mbuzi waliwahi. Walitandaza miili yao kwenye njia ya shule yote, wakafumba macho, na Mama Mbuzi akawa anawabembeleza kwa majina huku watoto wakishangilia kwamba leo hakuna masomo. Mwalimu alipita kando yao kwenye theluji, ikamfika magotini, akiwa na heshima zake zote.

Maswali alikuwa anawacheka hao alipoona kitu kingine. Mwoka mikate alikuwa ametoka na kapu lililofunikwa. Aliacha njia yake yenye joto na kavu, akaingia kwenye theluji nzima, akakata moja kwa moja kuelekea mlango wa Mjomba, bila upinde. Alibisha. Hapakuwa na mtu ndani, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa juu ya paa la kituo. Mwoka mikate akaacha kapu kizingitini na kuondoka, naye fundi bomba aliyekuwa akielekea kazini alizifuata nyayo hizo hizo, na nyuma yake seremala. Kufikia saa nne palikuwa na mfereji mpya uwanjani, mahali ambapo Maswali hakuwa ameweka bomba lolote.

Mjomba alishuka ngazi haraka kuliko umri wake, akisema mkate utapoa.

Maswali alimkuta fundi bomba kisimani, akamwonyesha njia mpya. "Tukiongeza bomba hapo majira ya joto, itachukua muda gani?"

Fundi bomba aliitazama, akapuliza vidole vyake. "Tusubiri kwanza," alisema. "Tuone kama watairudia kesho."

Maswali alitoa kalamu, akaichora kwa nukta nukta, akakaa pembeni ya kisima kungoja atakayepita tena.